Mafiga Matatu ya Gramafoni

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Baridi imeamka kabla yangu. Naanza shajara hii kwa sababu mambo makubwa yanakuja, na lazima yaandikwe na mtu anayejua. Mtu huyo ni mimi. Nilisoma mpaka darasa la nne. La zamani, siyo haya ya sasa ya kuimba na kupiga makofi.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi ya tarehe 19 mimi na Klementina tunatimiza jubilei ya dhahabu. Miaka hamsini ya ndoa! Hapa Malangali wapo wasiofikisha mitano bila kuitwa kwa Paroko. Na siku hiyo nitapiga santuri mbele ya watu. Siyo santuri ya hovyo. Ni ile ya kwaya ya wasichana wa Kaengesa, aliyoirekodi padri mmoja mgeni kwa mashine yake mwaka mmoja kabla hatujaoana. Wimbo wa mavuno. Anaanza msichana mmoja peke yake, sauti inapanda mpaka unashika kofia isiruke, ndipo wenzake wanamfuata. Msichana huyo ni Klementina wangu. Nimewaambia watu hivyo miaka hamsini na sijachoka.

Gramafoni ninayo. Nzuri, ya mbao, niliachiwa na padri mzee alipokuwa anarudi kwao. Alinipa mimi, hakumpa mwingine. Shida moja tu. Inavuma. Kabla mtu hajaimba unasikia mmmmmm, kama dume la ng'ombe limefungiwa ghalani.

Leo nimeijaribu. Akatokea jirani yangu Teodori, bila kualikwa, kama kawaida yake. Alikuwa dereva wa lori la ushirika, anadhani kila kinachonguruma ni chake. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema gramafoni yake haivumi, niitumie siku ya sherehe, bure kabisa. Yeye ananiomba kitu kimoja tu: nimwazime ile santuri jioni moja, akamsikilize Monika.

Monika ni marehemu mkewe. Naye alikuwa kwenye kwaya ile, mahali fulani huko nyuma. Santuri yao ilivunjika wakati wanahama.

Nikamwambia hapana. Mara mbili. Hapana ya gramafoni na hapana ya santuri. Mzee mzima, mgane, anataka kujifungia ndani na sauti ya mke wangu! Kisingizio ni Monika. Mimi siyo mtoto.

Klementina hakunipa chai ya pili. Sijui kwa nini.

Jumanne, 8 Julai

Nimekwenda sokoni kwa Adela, fundi wa redio na simu. Kazi anaijua, lakini mdomo wake! Akanipa shikamoo huku anacheka. Nilipomwambia gramafoni inavuma akauliza kama ni gramafoni au ni mimi.

Nikamwacha aeleze. Kumbe waya ziko namna mbili. Kuna wa kawaida, wenye vichwa viwili, chekundu na cheupe, kimoja kwa spika ya kulia na kimoja kwa ya kushoto. Humo sauti inakwenda kwa uzi wa katikati na kurudi kwa ganda la nje. Ganda hilohilo ndilo linalozuia uchafu wa umeme usiingie. Kazi mbili, mtu mmoja. Halafu kuna waya wa pini tatu. Huo una nyuzi mbili za sauti, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na ganda linabaki mlinzi tu. Uchafu ukipenya unaingia nyuzi zote mbili sawasawa. Mashine ya mbele inalinganisha, na kinachofanana inakitupa. Inabaki sauti safi.

Nikauliza upi bora. Akasema inategemea. Silipendi jibu hilo. Mwanamume anauliza upi bora, unamjibu upi bora.

Akasema pini tatu ni nzuri waya ukiwa mrefu, tena uwe na kisanduku chake maalumu cha kuipokea sindano ya gramafoni. Bila kisanduku usithubutu. Hasa usije ukachomeka kwenye matundu ya maiki, babu, hata kama pini zinaingia. Kwa waya mfupi wa mezani vichwa viwili vinatosha, mradi ule uzi mwembamba wa kijani, uzi wa ardhi, ufungwe kwenye skurubu yake. Mara nyingi mvumo unatoka hapohapo. Akaniuliza uzi wangu wa kijani uko wapi.

Nikakohoa.

Uzi wa kijani niliukata mwezi wa nne. Ulikuwa unaning'inia tu bila kazi. Nimefungia mlango wa banda la kuku, na tangu siku hiyo hata paka hajaingia. Sikumwambia Adela. Mambo ya banda langu si ya kupeleka sokoni.

Jioni nikakaa jikoni nikiwaza. Klementina anapika maharage. Chungu kimetulia. Nikatazama chini ya chungu, na hapo akili yangu ikawaka kama kibiriti! Mafiga! Ni mangapi? Matatu! Tangu mababu wa Ufipa hakuna aliyeinjika chungu kwenye mafiga mawili. Kingemwagika. Sasa Adela ananiambia sauti ya mke wangu, nzito kuliko chungu cha maharage, niikalishe kwenye vichwa viwili!

Nimeamua. Pini tatu.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwenda Mollo kwa Shigela. Huyu ni Msukuma, mfugaji, alikuja na ng'ombe wake miaka ile na hakurudi. Ana spika kubwa kama milango ya kanisa, anakodisha kwenye arusi. Na ana mixa, ile meza ya vitufe. Nikaikagua. Matundu ya pini tatu yamejipanga upande mmoja kama chuchu za nguruwe. Moyo ukaruka.

Shigela akaniambia hayo ni ya maiki. Nikamwambia tundu ni tundu.

Nikampa hoja ya mafiga. Akainama, akachora mchangani kwa fimbo yake. Akasema yeye analima kwa maksai, na jembe linavutwa na maksai wawili. Mmoja kulia, mmoja kushoto, nira katikati. Akaniuliza, mzee, wewe umewahi kuona watu wazima wanafunga maksai watatu? Huyo wa tatu kazi yake nini, kuhesabu mistari?

Wenzake wakacheka kwa Kisukuma. Nikawaambia mimi sizungumzii kulima, nazungumzia kupika. Akasema gramafoni haipikwi. Nikasema wala hailimi.

Hapo akafuta mchoro wake kwa mguu. Nilimshinda waziwazi.

Amekubali kuleta mashine zote Ijumaa ijayo, maana na yeye anakula pilau. Tena akanipa pini mbili za maiki mbovu, zenye miguu mitatu kila moja. Akasema hataki kujua nazipeleka wapi. Heshima hiyo.

Ijumaa, 11 Julai

Jaribio la kwanza. Nimefikiri hivi: kama siri iko kwenye tatu, basi hata chombo chenyewe kikae juu ya tatu. Klementina alikwenda kupeta ulezi kwa shoga yake. Nikayachukua mafiga jikoni, nikayaleta sebuleni, nikaiweka gramafoni juu.

Ilikaa vizuri sana. Kama malkia.

Kosa dogo tu, figa moja lilikuwa bado na moto. Sikulijua mpaka niliposikia harufu. Mguu mmoja wa mpira wa gramafoni umeyeyuka na kushika kwenye jiwe, sasa gramafoni na figa ni kitu kimoja. Nimejaribu kuvibandua kwa kisu cha mkate. Kisu kimevunjika.

Mvumo? Upo. Lakini niliona kama umepungua. Umepungua kabisa ukitoka nje na kufunga mlango.

Klementina amerudi akakuta jiko halina mafiga. Hakupiga kelele, na hilo ndilo baya. Akasema, Baba Fortunata, miaka hamsini nimekuvumilia, sasa unanizimia hata jiko? Akasema jirani ana gramafoni haivumi, ana moyo mwema, anaomba jambo dogo tu. Kwa nini usimpe santuri akamsikie mkewe?

Nikamwambia mke wangu, wewe hujui hila za wanaume. Akasema za huyu mmoja zinamtosha.

Tumelala na mkate.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya Misa ya pili nimesimama kwenye matangazo. Padri alisema dakika moja. Nilitumia zangu zote na za akina mama wa WAWATA waliokuwa wanafuata. Nimewaalika wote. Nimesema siku ya jubilei watasikia sauti ya Klementina akiwa binti, safi bila mvumo, kwa njia ya pini tatu, jambo ambalo Sumbawanga haijaliona. Watu walipiga makofi. Klementina aliangalia viatu vyake. Ni mnyenyekevu sana huyu mwanamke.

Nje, chini ya mnara wa kengele, Teodori akanifuata. Kofia mkononi. Hakucheka leo. Akasema, Modesti, sauti ya Monika imeanza kumtoka. Uso anaukumbuka, mikono anaikumbuka, hata viatu alivyovaa siku ya kipaimara. Lakini asubuhi moja aliamka akaitafuta sauti, haikuja. Akasema yeye si mtu wa kuomba mara mbili, lakini hii ndiyo ya pili.

Nikakaribia kulegea. Nakiri. Upepo ulikuwa unauma macho.

Lakini nikawaza: nikimpa, ataipiga kwa vichwa vyake viwili, itasikika vizuri, halafu Malangali yote itasema Modesti kashindwa na dereva. Na Monika mwenyewe aliimba mstari wa nyuma. Atamsikiaje mtu mmoja kati ya kundi? Nikamwambia aje Jumamosi asikilize pamoja na wengine. Kwangu. Kwa pini tatu.

Akavaa kofia. Akasema sawa, ndugu yangu.

Klementina amekwenda nyumbani kwa njia nyingine.

Jumanne, 15 Julai

Kazi ya ufundi leo! Adela nilimwogopa kidogo, kwa hiyo nimejifanyia mwenyewe. Simu yake nimeona imeita mara nyingi, sikupokea. Kazi kubwa haitaki maneno.

Kwanza nimekata vile vichwa viwili, chekundu na cheupe, nikavitupa chooni. Makusudi. Mwanamume akivuka mto anachoma daraja, asije akatamani kurudi. Halafu nikapasha msumari kwenye makaa, nikayeyusha risasi ya kulehemu, nikaanza kuunganisha nyuzi kwenye pini za Shigela. Nyuzi zenyewe nyembamba kama nywele za mtoto, na rangi zake nyingi: nyekundu, kijani, nyeupe, buluu. Wangeweka rangi moja, kazi ingekuwa nyepesi. Nimeunguza kidole gumba, cha shahada, na kitambaa cha meza.

Nyuzi zikaingia zote isipokuwa mmoja. Umebaki nje. Sijaona tatizo. Fundi hodari siku zote anabakiza kitu. Hata yule aliyejenga nyumba yangu alibakiza dirisha.

Imekamilika. Kuijaribu sikuweza, mixa iko Mollo. Lakini kwa macho tu ni nzuri.

Ijumaa, 18 Julai

Shigela amefika na spika kwenye mkokoteni. Unavutwa na maksai wawili. Aliwasimamisha mlangoni kwangu muda mrefu bila sababu, akawa anawapapasa na kuniangalia.

Fortunata, binti yetu, amefika na basi kutoka Mbeya. Wanawake wamejaa uani, pilau, mbuzi, vyungu vya pombe ya ulezi. Wanapikia mafiga ya kuazima. Wananiangalia vibaya. Sherehe huwa zinachosha watu.

Jioni akaja Teodori, amebeba gramafoni yake kifuani kama mgonjwa, na amplifaya yake nzee juu yake. Akasema ataiacha tu pembeni, ikitokea lolote. Nikamwambia halitatokea lolote. Akasema hata hivyo. Klementina akampokea kabla sijafungua mdomo, akaiweka jikoni juu ya kinu.

Baadaye nilikuwa nafunga bango mlangoni, lile la Fortunata lililoandikwa kwa dhahabu. Kamba imekatika. Nikapita jikoni, nikaona gramafoni ya Teodori nayo ina uzi wa kijani unaning'inia. Mwembamba, mzuri, bila kazi yoyote. Hawa watengenezaji wana mali ya kuchezea! Nikaukata. Bango limekaa imara.

Nalala mapema. Kesho ni siku yangu. Na ya Klementina.

Jumamosi, 19 Julai

Niandike kwa utulivu.

Misa ilikwenda vizuri. Tumerudia ahadi. Padri aliponiuliza kama nitamheshimu na kumsikiliza, nilijibu kwa sauti mpaka watoto wakashtuka. Klementina amevaa gauni la rangi ya dhahabu. Amependeza, na alijua.

Uani watu wamejaa mpaka barabarani. Wamekula. Wamekunywa. Wakati ukafika. Nikainuka na koti langu, nikaeleza mafiga kwa kirefu. Nikaitoa gramafoni chini ya kitambaa, na figa lake. Adela alikuwa meza ya mbele. Alipoona pini nilizochomelea aliweka sahani chini akaanza kuja. Nikaharakisha. Nikachomeka kwenye matundu ya maiki.

Sindano ikashuka.

Mvumo haukuwapo! Naapa. Lakini hata wimbo ulikuwa mdogo. Ulitoka mwembamba, hauna kifua, kama nyuki ndani ya kopo. Yule binti anapanda na sauti yake, na ni kama mbu anapanda. Watoto wakacheka. Nikamwambia Shigela aongeze. Akasema hauongezeki, tena kwaya ya parokia inasubiri kuimba, na maiki zao zinakula umeme kutoka kwenye mixa, lazima abonyeze kitufe cha kuzilisha. Akauliza kama chombo changu kitaustahimili. Adela akapiga kelele kutoka kule, usibonyeze! Nikasema bonyeza, mafiga matatu hayaogopi moto.

Akabonyeza.

Pa!

Kuku walinyamaza. Santuri inazunguka, sindano iko juu yake, na hakuna kitu. Hata mvumo wangu wa zamani hakuna. Adela akainama akaangalia, akasema kisindano kina kijiwaya ndani chembamba kuliko unywele, na hicho nimekilisha umeme kama ng'ombe. Kimekatika. Nilikuwa nimesimama na maiki mkononi mbele ya kata nzima. Nikasema hili lilitarajiwa. Hakuna aliyeuliza na nani.

Ndipo Klementina akaondoka pale kwenye kiti cha heshima. Gauni amelishika mkononi. Akaingia jikoni, akatoka na gramafoni ya Teodori. Hakuniangalia. Akaiweka mezani, akamwita Adela. Vichwa viwili, chekundu na cheupe, kwenye amplifaya ya Teodori, na kutoka hapo kwenye spika za Shigela.

Mmmmmmmm!

Nikafurahi kidogo. Nakiri na hili.

Adela akatafuta nyuma, akasema uzi wa ardhi umekatwa. Teodori akainua macho taratibu, akaangalia bango la jubilei lilivyofungwa. Kisha akaniangalia mimi. Ningependa angetukana. Klementina akamwambia Adela uko mwingine mrefu zaidi, kwenye mlango wa banda la kuku, yeye ameufungua na kuufunga kila siku tangu mwezi wa nne. Adela akaenda akaufungua. Kuku wote wakatoka pamoja. Jogoo akapita juu ya meza ya Padri, akaacha alama kwenye keki.

Uzi wa kijani ukaingia kwenye skurubu. Mvumo ukakatika kama umechinjwa.

Klementina mwenyewe akashusha sindano.

Sijui niandikeje. Miaka yote nimeisikia santuri hii ndani ya mvumo. Leo ilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Ukasikia wasichana wanavuta pumzi. Ukasikia kiti kinasogea kule Kaengesa. Halafu yule mmoja akaanza, peke yake, karibu kabisa, na kwenye neno la tatu ana mtetemo kidogo, kama anataka kucheka.

Teodori alivua kofia. Akasimama. Akasema, Monika.

Hakulisema kwa nguvu, lakini uani kwangu kulikuwa kimya. Wazee waliosoma Kaengesa wakaanza kutikisa vichwa, ndiyo, ni Monika, Monika kabisa, kile kicheko chake. Nikamgeukia Klementina. Nikamwambia si ni wewe? Akasema yeye alikuwa mstari wa nyuma, wa pili kutoka ukutani. Nikamwambia mbona hujawahi kuniambia. Akasema aliniambia wiki ile tuliyooana. Santuri ilikuwa inapigwa, akasema, Modesti, huyo siyo mimi. Nikamjibu, nyamaza, nakusikiliza.

Watu walicheka mpaka Padri akashika nguzo. Shigela alilala juu ya spika.

Teodori hakucheka. Alikuwa amekaa karibu na gramafoni, sikio limeinama, machozi yanaingia kwenye ndevu. Klementina aliurudisha wimbo mwanzo. Kisha akaurudisha tena. Hakuna aliyeomba muziki mwingine.

Jumapili, 20 Julai

Nimeamka salama. Koti lina pilau.

Klementina amempa Teodori santuri. Hakuniuliza. Imo ndani ya kitenge chake kizuri, ameipeleka mwenyewe asubuhi, na figa langu lililonasa amelibandua kwa shoka bila msaada. Mafiga yamerudi jikoni. Nimeruhusu yote haya. Mimi ni mtu mkarimu, na ningempa Teodori hata mwezi wa kwanza kama angeniomba vizuri.

Nimefikiri sana kuhusu jana. Watu wanasema nimeshindwa. Watu hawafikiri. Hebu tazama: jana tulipiga kwa vichwa viwili, na sauti ya Klementina haikusikika. Imekwenda wapi? Aliimba, amekiri mwenyewe, mstari wa nyuma, wa pili kutoka ukutani. Basi imepotea njiani! Vichwa viwili vimempitisha Monika aliyekuwa mbele, na mke wangu vikamwacha mlangoni. Nilisema tangu mwanzo. Mafiga mawili, lazima kitu kimwagike.

Na kosa la pini tatu nimelipata. Tatu hazikutosha. Ule uzi uliobaki nje ulikuwa unanionyesha. Inatakiwa nne. Kitanda kina miguu minne, na hakuna aliyewahi kusikia kitanda kinavuma. Changu kinalia kidogo, lakini hicho ni cha zamani. Kesho nakwenda kwa Adela. Akikataa kunipokea nitampitia Shigela. Ng'ombe ana miguu minne, safari hii hatakuwa na hoja.

Jua linazama sasa. Tumekaa uani, mimi na Klementina, blanketi moja. Upande wa pili wa uzio Teodori anaipiga. Madirisha ameyaacha wazi kwenye baridi hii, ili na sisi tusikie. Monika ameanza. Safi. Kweli ana kicheko kidogo pale. Sasa wanaingia wenzake, wengi, na nyuma kabisa, karibu na ukuta, nimeshika kofia, naamini kuna mmoja namjua.

Klementina amenigusa mkono, ameanza kusema kitu.

Nimemwambia nyamaza, nakusikiliza.